Mlima Ni wa Nani?

Neno "amarat" kwa Kiarabu ni majengo, na majengo hayaoti kama uyoga. Chini ya Jebel Kujur, mlima ulio magharibi ya mji wa Juba, kina mama hukaa juani wakivunja mawe kwa nyundo wapate kokoto ya kuuza kwa wajenzi. Miongoni mwao wamo waliopotewa na makwao katika vita vilivyozuka Desemba 2013.

Mkazi wa Hai Amarat apandapo huko Jumapili kupunga upepo, hutazama chini akasikitika: mlima unaliwa! Je, ana haki ya kulalamika? Uskoti, sheria ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kutembea vilimani. Hiyo ni haki nyepesi, maana mguu hauondoki na mlima. Nyundo huondoka nao. Hata hivyo, jiwe halikai mikononi mwa aliyelivunja. Yeye hupata bei ya unga tu. Jiwe laenda mjini, likawa ukuta na kivuli cha mwingine. Kwa maoni yangu, mlaji wa mlima si mwenye nyundo.

Wala mama yule hamwonei haya mpandaji. Akimwona ateremka, huenda akamwuliza kama anahitaji kokoto.