Na Chungu Kilichokwisha Kuchomwa?



Kama umewahi kwenda mafungo ya vijana, Yeremia 18 umeisikia. Nabii anakwenda nyumbani kwa mfinyanzi, anakuta chombo kimeharibika mkononi mwake, na mfinyanzi anakifinyanga upya kwa udongo uleule. Tunaimba, tunalia kidogo, tunarudi nyumbani. Sasa kwenye kikao kimoja parokiani kwetu dada mmoja akanyoosha mkono akasema: "Hiyo ni ya walio bado wabichi. Mimi nilishachomwa." Hakueleza zaidi na hakuna aliyemwuliza. Tukaenda ajenda inayofuata.

Neno lile halijaniacha, kwa sababu kiufundi yuko sahihi kabisa.

Pale Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akina mama Wakisi wanafinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha mitumbwi inavipeleka gulioni Matema. Chungu kinapandishwa pole pole, kinasuguliwa mpaka king'ae, halafu kinaachwa kikauke. Ukikiwahisha motoni kikiwa na maji ndani, mvuke unakipasua. Kabla ya moto hakuna kosa lisilorekebishika: kikikauka kimepinda unakiloweka, kinarudi kuwa tope, unaanza upya. Baada ya moto, hapana. Joto likipita nyuzi 600 hivi udongo unabadilika kwa ndani. Loweka mwaka mzima, hautakuwa tope tena. Na bila moto huo chungu kisingebeba maji.

Geuza ukurasa mmoja tu. Katika Yeremia 19 nabii anaambiwa anunue gudulia, tayari limechomwa, alivunje mbele ya wazee kama chombo kisichotengenezeka tena. Hii kwenye mafungo hatuisikii sana! Basi anayemwambia yule dada kwamba Mungu atamfinyanga kana kwamba hakuna kilichotokea, anamdanganya. Mimba imeshatolewa. Hela za watu zimeshaliwa. Mama ameshazikwa kabla hajaombwa msamaha. Kitubio kinaondoa dhambi, hilo halina mjadala, lakini Katekisimu yenyewe, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo la dhambi halirekebishi kila kilichovurugwa na dhambi.

Kwa hiyo gae ni la kutupwa? Tuwaulize wenye kazi yao. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, kwa kejeli kidogo, lakini angalau gae lina chakula. Isaya 30:14, akitaka kuonyesha maangamizi ya mwisho kabisa, anasema hakitabaki hata kigae cha kuchukulia moto au kuchotea maji. Maana yake siku za kawaida vigae vilikuwa na kazi hizo. Wafinyanzi wengi wa Afrika hufunika vyungu kwa vigae wakati wa kuchoma. Wengine huvisaga wakavichanganya na udongo mpya ili usipasuke. Na pasipo gurudumu, mara nyingi chungu kipya, kikiwa bado kibichi na hakijiwezi, hukalishwa ndani ya kitako cha chungu kilichovunjika. Mama anazungusha kitako hicho taratibu, na chungu kipya kinapanda.

Nilipolijua hilo nilimfikiria Petro. Yeye na Yuda walivunjika usiku mmoja. Fedha za Yuda, Mathayo anasema, zilinunua shamba la mfinyanzi, mwenyewe hakungoja. Petro aliambiwa mapema kwamba akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Hakuambiwa kwamba jogoo atasahaulika.

Yule dada bado anakuja, anakaa benchi la nyuma. Juzi aliombwa asaidie kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, akakataa, akasema hastahili. Sijui nitamwambia nini kuhusu vigae, au kama nitamwambia chochote. Jumapili nitakaa naye kule nyuma, nimwombe msamaha kwamba siku ile nilisikia na sikumwuliza kitu.