Nyumba Tupu

Je, msomaji, mtu aingiaye katika nyumba isiyokaliwa, akaifagia na kuwalaza wanawe humo, ni mwizi? Usijibu upesi.

Mwaka 1990 mjini Caracas, katika nchi ya Venezuela, lilianza kujengwa jengo refu la orofa 45. Tajiri aliyelijenga alifariki mwaka 1993. Mwaka uliofuata mabenki ya nchi yakaanguka, na kazi ikakoma. Likasimama hivyo bila lifti, na mahali pengine bila kuta. Mwaka 2007 watu wasio na makao wakaingia. Wakajenga kuta za matofali, wakavuta maji na umeme, wakafungua maduka, wakaweka msimamizi kwa kila orofa. Wengine walipanda ngazi kwa miguu hata orofa ya 28, na mzigo wa unga begani.

Wako wasemao kuwa mali ni ya mwenyewe hata ikiwa haitumiki. Siwadharau. Pasipo sheria hiyo, mjane angerudi kutoka shambani akamkuta mgeni amefunga mlango wake kwa ndani. Lakini mjane hulala katika nyumba yake. Jengo lile halikumlaza mtu.

Linalonisumbua zaidi ni hatari. Kingo nyingine zilikuwa wazi, na watu walianguka wakafa. Nani aliyewasukuma kuchagua kulala mahali kama pale?

Mwezi wa Julai 2014 serikali ilianza kuwahamishia katika nyumba mpya nje ya mji. Jengo likawa tupu tena.