Aibu ya Mjuzi

Mtaalamu wa bakteria hutumia miaka mingi kuizoeza mikono na macho yake. Akitupia jicho sahani ya kuoteshea vimelea, rangi na umbo la makoloni humtosha kujua kwamba sampuli imeingiwa na uchafu. Kisha siku moja mashine ya kusoma vinasaba inamkabidhi faili. Jenomu ya E. coli moja tu ina herufi zipatazo milioni 4.6, na sampuli zake ni nyingi. Hadubini haimfai tena. Inambidi aketi mbele ya kompyuta, pengine akifundishwa na kijana wa rika la wanafunzi wake, aandike amri inayokataliwa kwa kukosa mabano.

Mafunzo haya ya kuchambua vinasaba kwa kompyuta yakitajwa, twakimbilia kuhesabu vifaa na kasi ya intaneti. Vinahitajika, sikatai. Ila kinachowazuia wengi, naamini, ni aibu. Aliyezoea kuitwa daktari huona heri abaki na jedwali lake la Excel kuliko kuuliza mbele ya watu. Na Excel hiyo hiyo iligeuza jeni iliyoitwa SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba, makosa yakapenya hadi kwenye makala za kisayansi, mpaka jeni za aina hiyo zikabadilishwa majina. Ni wangapi waliliona kosa, wakanyamaza kwa kutojua la kufanya?

Katika warsha za Software Carpentry, mpango wa kuwafundisha wanasayansi kuandika programu ulioanzishwa na Greg Wilson na Brent Gorda mwaka 1998, mwanafunzi hupewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti. Kimoja hukibandika kwenye kompyuta akimaliza zoezi, kingine akikwama, na msaidizi humjia pale alipo. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna kutazamwa na darasa zima. Mwalimu naye huandika programu papo hapo, akikosea hujirekebisha wote wakiona. Kuuliza si ujinga, twasema kila siku. Hawa wameupa usemi huo nafasi darasani. Kumsitiri anayejifunza si sehemu ya elimu yenyewe?

Afrika nayo ilionja hekima hiyo. Mtandao wa Kiafrika wa H3ABioNet ulipoanza kozi yake ya utangulizi wa uchambuzi huo wa vinasaba mwaka 2016, mihadhara ilirekodiwa, lakini wanafunzi walikusanyika madarasani katika nchi zao, wakiwa na wasaidizi kando yao.

Enyi wakuu wa maabara, msiwatume vijana peke yao kwenye mafunzo haya. Nendeni nao, mkae meza moja, nanyi mkikwama mbandike kikaratasi chenu.