Kura na Ahadi

Msomaji, neno "kura" tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa kubahatisha, si kuchagua. Hata leo katika mitaa kama Mukuru kwa Reuben, Nairobi, wenye chama cha akiba huokota vikaratasi ili ijulikane nani atapokea fedha kwanza. Akosaye hana wa kumlaumu.

Kura ya uchaguzi ni nyingine, ingawa jina ni moja. Mwaka 2022 mpiga kura wa wadi ya Kwa Reuben, jimbo la Embakasi Kusini, alipewa karatasi sita, tangu ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi. Hapo matokeo yana wenyewe.

Sasa fikiri: mtu mwenye njaa (na njaa si kosa) amepokea fedha za mgombea akaahidi kumchagua. Je, akiwa peke yake mbele ya karatasi, ahadi ile yamfunga? Wengi watasema ahadi ni deni. Mimi naona hadaiwi, kwani alichokiuza si chake peke yake: mbunge yule atawawakilisha pia majirani ambao hawakupokea hata senti. Lakini usifanye haraka kumsifu. Amesema uongo, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia.

Siri ndiyo iliyompa nafasi ya kujirudi. Katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988 siri hiyo haikuwapo. Watu walipanga mlolongo hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyenunua aliweza kuhesabu bidhaa yake kwa macho.