Huzuni ya Mama, Hofu ya Mtoto

Katika nchi ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Wanyakyusa husalimiana kwa neno ugonile, ambalo kwa asili lauliza kama mwenzio amelala. Ni salamu njema. Lakini wako akina mama, huko na kwingineko katika Tanzania, ambao wangeijibu kwa kweli wangesema: “La, sikulala. Nalikesha nikiutazama ukuta, na mwanangu alikesha akinitazama mimi.” Hawasemi hivyo. Huitikia ipasavyo, hujifunga kanga, hushika jembe na kwenda katika mpunga.

Waganga huiita hali hiyo sonona. Si huzuni ya siku mbili, wala si wazimu. Ni ugonjwa unaomwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula, furaha, na nguvu ya kutaka lolote. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 katika kila 100 wenye mimba, na karibu 20 katika kila 100 waliojifungua, hupatwa na maradhi ya namna hii, na hasa sonona. Basi hapana jumuiya ndogo ndogo isiyo na mama wa namna hiyo, ama leo ama jana.

Wako wanaomwambia mama huyo kwamba imani yake ni haba, au kwamba hampendi mtoto. Neno hilo ni zito, na yatupasa tulipime kwa mafundisho ya Kanisa, si kwa maneno ya kisimani. Dhambi yataka akili ijue na utashi ukubali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya hofu, ya kushurutishwa, na ya mambo mengine ya nafsi au ya jamii. Tena kupenda ni kutaka mema ya mwingine. Joto la moyo ni zawadi iongezwayo juu yake, na zawadi yaweza kukosekana. Mama aamkaye alfajiri bila hamu ya kuishi, akawasha moto na kumpikia mwanawe uji, amempenda, hata kama hakuweza kutabasamu. Nabii Isaya mwenyewe, katika sura ya 49, akubali kwamba yaweza kutokea mama akamsahau mtoto wake. Ahadi ya kutosahau kamwe aliiweka kwa Mungu, hakumtwika mama.

Hata hivyo, mama kuwa hana kosa si kusema kwamba mtoto hakuumia. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, huko Marekani, walitangaza habari za jaribio moja dogo. Waliwaomba akina mama wakae mbele ya watoto wao wachanga kwa dakika chache, uso ukiwa umetulia kimya, wasitabasamu wala kunena. Mtoto alimtazama mama, akajaribu kumvuta kwa tabasamu, akajaribu tena, na alipoona haitikiwi akageuza uso wake. Zilikuwa dakika za kuigiza tu. Mtoto wa mama mwenye sonona aweza kuishi mbele ya uso huo kwa miezi.

Afikapo miaka mitatu au minne, huenda asibanduke kwenye kanga ya mama. Akipelekwa shule ya awali hulia mpaka akatapika. Usiku huamka kuhakikisha kwamba mama anapumua. Sisi husema amedekezwa, na wengine humchapa. Kumbe mtoto huyo amejipa kazi ya ulinzi, na amchapaye amwongezea sababu ya kulinda.

Kwa hiyo haitoshi kumtibu mama peke yake, wala kumtuliza mtoto peke yake. Selma Fraiberg na wenzake, katika Michigan, Marekani, walieleza mwaka 1975 jinsi walivyowaendea akina mama nyumbani mwao, wakaketi nao, mtoto akiwapo. Waliona kwamba mama ambaye utotoni alilia asisikilizwe, hakisikii vema kilio cha mwanawe. Naye akisikilizwa kwanza, akalia machozi yake ya zamani, humwinua mtoto na kumkumbatia bila kuambiwa. Tiba za namna hii zilizofuata zina taratibu mbalimbali. Mara nyingi mshauri huketi na wote wawili. Mama hupewa dakika chache kila siku za kufuata mchezo wa mtoto, bila kuamuru wala kusahihisha, akitaja tu anachokiona. Huitaja na hofu ya mtoto kwa jina lake. Kisha hujifunza kuachana kidogo kidogo: leo mpaka uani, kesho mpaka sokoni, akiaga waziwazi na kurudi kama alivyosema. Desturi ya kumtoroka mtoto kwa mlango wa nyuma ili asilie, ambayo wengi huihesabu kuwa busara, yamfundisha asimwondolee mama macho hata mara moja.

Wala hayo si ya nchi tajiri tu. Utafiti uliofanywa Lira, kaskazini mwa Uganda, ukachapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health, ulihusu akina mama wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Walikutana kwa vikundi mara 12, wakiongozwa na watu wa vijiji vyao, si madaktari. Walifundishana chakula, usafi, kucheza na kusema na mtoto, na upendo na heshima nyumbani. Yalikuwa mafunzo ya malezi, si tiba kamili ya sonona. Hata hivyo dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wenzao wasioshiriki, na watoto wakawazidi wengine kwa utambuzi na kwa kuelewa maneno. Katika urefu wa mwili hapakuwa na tofauti. Hapo twafikiri juu ya kadi za kliniki zetu, ambamo uzito wa mtoto huandikwa mwezi kwa mwezi, na uso wa mama haumo.

Turudi Kyela. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company, cha mwaka 1951, kwamba watu waliamini hasira ya majirani ni pumzi ya baridi iwezayo kumwuguza mtu. Sisi hatusadiki kwamba pumzi hiyo huleta homa. Lakini mama aliyelemewa, akisikia anaitwa mvivu au amerogwa, baridi hiyo humfikia kweli. Msiba ukitokea, watu hujaa uani na wanawake hulala hapo. Mama mwenye sonona naye yumo msibani, ila hapana maiti, na kwa hiyo hapana ajaye.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipoandika juu ya dawa za huzuni, alitaja machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na, jambo liwachekeshalo waseminari, usingizi na kuoga. Hizo mbili za mwisho zimo mikononi mwa mume. Mwanamume awezaye kubeba gunia la kakao aweza kubeba ndoo ya maji ya mkewe, na kumchukua mtoto mgongoni jioni ili mama alale. Jumuiya nayo ichague wanawake wawili, wawe wale wale kila juma, waende kuketi naye jikoni. Wasali naye akitaka. Wasihubiri.

Na mama akisema kwamba ni afadhali afe, au kwamba mtoto angekuwa heri bila yeye, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku ile ile. Mtoto naye aambiwe mama amekwenda wapi, na mara tu iwezekanapo apelekwe akamwone.