Pishi Tatu za Mtama

Katika ukoo wetu kuna hadithi inayosimuliwa kila msiba, watu wakishakula ubwabwa na kabla hawajaanza kugombana. Babu yake bibi yangu alikutwa akiwa mtoto wa miaka saba hivi, peke yake chini ya mbuyu, upande huu wa Mto Ruvu, hapa Makurunge. Wazazi wake walikuwa wamekufa kwa njaa. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka kuvua akamwona, akamhurumia, akamchukua, akamlea, akamwozesha na kumpa shamba. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Tunamwita Babu Yatima. Bibi ni mjukuu wake, mama ni kitukuu, mimi ni kilembwe.

Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia, msimamizi wangu aliniambia nichague mada ninayoweza kuimaliza. Nikachagua njaa, na nikaamua kuanzia nyumbani. Nilijipa miezi mitatu. Niliwaza hata picha ya mbuyu itakayokaa mwanzoni mwa sura.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilihesabu vizazi kurudi nyuma, nikaangukia miaka ya 1884 na 1885, wakati njaa kali ilipoipiga Mrima na bara yake, kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua. Umri ulikubali, mahali palikubali. Nilifurahi kama mtu aliyekuta hadithi ya bibi yake ina miguu.

Kisha nikaanza kusoma watu walifanya nini njaa ile ilipoingia. Wengine walihama, wengine walikufa. Wengi waliweka rehani. Sisi leo tunaweka rehani nyumba au kadi ya pikipiki. Wao waliweka watu. Mtoto, au mpwa, kwa kuwa kwa makabila mengi ya huku mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, alipelekwa kwa mwenye chakula, chakula kikachukuliwa, na ahadi ikawa kwamba mvua zikirudi ndugu watakuja kumkomboa. Baadhi walikombolewa. Wengine waliuzwa mbele kabla ya mavuno, maana mashamba ya miwa ya Pangani na ya karafuu visiwani yalikuwa yanataka mikono, na rehani asiye na ndugu karibu hakuwa mbali na mtumwa.

Niliyasoma hayo kwa utulivu, kama mambo ya watu wengine.

Siku moja natoka kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga, nikiwa kwenye daladala, niliweka sikioni sauti ya bibi niliyoirekodi kwa simu. Nilikuwa nimeshaiandika yote daftarini. Bibi anafika pale mzee anapomwona mtoto, na kwenye daftari langu imeandikwa "akamwokoa". Bibi hasemi hivyo. Anasema: "akamkomboa kwa pishi tatu za mtama." Nilirudisha nyuma mara nne. Kondakta alinidai nauli mara mbili sijamsikia. Maisha yangu yote nimesikia "akamwokoa", na zile pishi tatu nilidhani ni chakula alicholishwa mtoto.

Maiti hawapokei mtama. Kama mzee alitoa pishi tatu, kuna mkono uliozipokea, na mkono huo ulikuwa hai. Siku ile chini ya mbuyu, kama kweli kulikuwa na mbuyu, Babu Yatima huenda hakuwa yatima.

Nilifanya kile wanachofanya wanafunzi wa historia wakiogopa: nilikimbilia karatasi zaidi. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ilijaa watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Soko lile lilipofungwa mwaka 1873, wengine waliletwa baada ya kukamatwa baharini na manowari za Waingereza. Baadhi walitoroka, na mapadri walilalamika kuhusu hilo kwenye barua zao. Nikawaza, labda wetu alikuwa mtoro wa misheni. Nilipitia nakala nilizoweza kupata, kwa Kifaransa cha kuokoteza. Watoto ni wengi, majina ni ya watakatifu. Mvulana wa umri ule unaweza kumchagua unayemtaka, na hapo ndipo nilipoacha, maana nilikuwa nimeanza kuchagua.

(Kwenye misheni hiyohiyo mgeni huonyeshwa mnara ulipolala mwili wa Livingstone, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Mskoti aliyekwisha kufa tunajua alilala wapi usiku mmoja.)

Na pale karatasi zinaposema mengi, ni nani anayesema? Mapadri haohao, wakiwa Unguja, walimpokea msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Alikuwa ameuzwa kwa sababu ya deni, mama yake akafuatana naye kwenye msafara hadi akafia njiani, na mwenyewe alifika Unguja hoi, akazikwa angali hai, akafukuliwa. Padri Horner aliandika kisa chake, na mwaka 1870 kilitoka Ufaransa kama kitabu cha kuwagusa Wakristo wa kule watoe sadaka. Wanahistoria bado wanabishana ni sentensi zipi za Swema na zipi za padri. Bibi yangu naye ana hadhira yake, ile ya msibani. Sioni kwa nini padri aitwe chanzo na bibi aitwe ngano.

Swali lililobaki kwangu ni la neno. Kwa nini "yatima"?

Jibu la haraka ni aibu: ukoo umeficha kwamba mtu wetu alinunuliwa. Sidhani kama linatosha. Mzee yule alikuwa Mwislamu, na kwa Mwislamu yatima ni neno zito. Kurani imeonya vikali juu ya anayekula mali ya yatima. Mtoto wa rehani ana mwenye naye. Yatima ana mlezi, na mlezi ataulizwa. Wajerumani walikuja kutoa hati za uhuru, wakaamuru kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa kuanzia mwaka 1906 ni huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mzee wa Makurunge, bila muhuri wala mwino, alibadili neno moja tu na majirani wakalikubali.

Ila neno hilo lina gharama, na aliyeilipa ni mwanamke. Ili mtoto awe yatima ilibidi mama yake afe. Kama alirudi baada ya mavuno na mtama wake kichwani, hadithi yetu haina mahali pa kumweka.

Na haya si ya marehemu peke yao. Tangu lami ipite kutoka Bagamoyo kwenda Msata, shamba la Makurunge si shamba tena, ni viwanja. Wenzetu wanaotoka kwa mzee yule kwa damu wameanza kututaja kama "wale wa kuja". Nikiandika "rehani" kwenye tasnifu nitakuwa nimewanolea panga. Huenda mbele ya sheria neno hilo lisiwe na uzito, lakini mgogoro wa ardhi hauanzii mahakamani, unaanzia kwenye ubwabwa. Msimamizi wangu alisema nibadilishe majina. Kule kwetu hata ukibadili majina, kila mtu anajua mbuyu wa nani.

Nikaenda kwa bibi. Alikuwa anachambua mchele barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Hiyo shule haina wali?"

Nilikaa, nikamsaidia kuchambua, nikauliza kama vile linanijia sasa hivi: "Bibi, zile pishi tatu za mtama alipewa nani?"

Hakuinua kichwa. "Wewe si ndiye uliyesoma? Mtu aliyekufa anapokea mtama?"

"Sasa mbona mnasema yatima?"

"Ulitaka aitwe nani?"

Alipeta ungo mara mbili tatu. Kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye msiba wowote. Yeye alimkuta babu yake, mzee sana, haoni vizuri. Kila mavuno alipima pishi tatu za mtama, akazifunga, akaziweka darini, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa hadi mtama mpya uingie. Watoto walipouliza ni za nani, alisema ni za mgeni.

"Andika," bibi alisema. "Ila usimwite mtumwa."

Nimerekebisha daftari: pale palipoandikwa "akamwokoa" sasa pameandikwa "akamkomboa". Neno "mtumwa" sijalitumia kwa ajili yake, ingawa najua mtahini atauliza kwa nini, na jibu nililonalo mpaka sasa ni kwamba bibi alinikataza.