Upepo wa Pwani ni wa Nani?

Mtu wa Ngara au Biharamulo afikapo Dar es Salaam huonyeshwa Oyster Bay, mtaa ulio kando ya bahari. Zamani za utawala wa Waingereza ulitengwa kwa nyumba za Wazungu, viwanja vipana vyenye miti na upepo, huku Waafrika wakisongamana Kariakoo. Leo akaaye huko ni mwenye fedha, wa rangi yo yote. Je, aliyenunua kiwanja amenunua na upepo?

Mtu atajibu: kila mtu na jasho lake. Ni kweli, wala simwonei kijicho kwa vigae na bustani yake. Lakini bahari hakuichimba yeye. Kwetu mtu hulizungushia ua shamba lake, asizibe njia ya chemchemi; azibaye husemwa hata msibani. Nayo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 toka ukingo wa bahari, ziwa au mto.

Pale Coco Beach, mtaani humo humo, watu wa Manzese na Tandale huja Jumapili na watoto wao, hula mihogo, huoga. Jioni hurudi wamelowa, na mwenye ghorofa hajapungukiwa upepo.